Ahadi ya Miaka Kumi: juu ya sinema «In Silico» na kazi ya kuchunguza ubongo kwa mashini

Mwaka 2009, katika mkutano uliofanyika Oxford, mji wa Uingereza wenye shule kubwa za zamani, mtaalamu mmoja jina lake Henry Markram alisimama mbele ya watu akasema kwamba kutengeneza ubongo wa mtu ndani ya mashini si jambo lisilowezekana, na ya kuwa kazi hiyo yaweza kutimizwa kwa miaka kumi. Akaongeza kwamba, wakifaulu, baada ya miaka hiyo watatuma kwenye mkutano uleule sanamu ya nuru, ije kuzungumza na watu badala yake.

Kijana wa Marekani, Noah Hutton, ambaye kazi yake ni kutengeneza sinema, aliyasikia maneno hayo akayaamini. Akakusudia kumfuata Markram kwa miaka kumi, mwaka kwa mwaka, pamoja na kamera yake, ili siku ahadi itakapotimia awepo. Sinema yake ilitoka mwaka 2020, nayo yaitwa «In Silico». Jina hilo ni Kilatini cha wataalamu. Wakichunguza kitu kilicho hai husema in vivo. Wakikichunguza ndani ya chupa husema in vitro. Basi kwa kazi inayofanywa ndani ya kompyuta wakabuni in silico, maana vipande vya kompyuta hutengenezwa kwa silikoni, kitu kinachopatikana katika mchanga. (Kilatini chenyewe kingetaka in silicio. Lakini tusiwe wakali mno: sisi tuliosoma seminari twakosea zaidi ya hapo.)

Tumeitazama sinema hiyo mara mbili. Ni kazi ya kweli, imefanywa kwa uvumilivu, nasi twawashauri wasomaji wetu wenye nafasi waitazame. Hata hivyo tunayo shauri nayo. Twaona imesimulia nusu ya habari, na nusu iliyoachwa ndiyo iliyo bora. Tena twaogopa kwamba Mkristu atakayeitazama atatoka na furaha isiyomfaa. Hayo mawili ndiyo tunayotaka kuyaeleza.

Kwanza, kazi yenyewe. Markram alizaliwa Afrika ya Kusini, akasoma huko, halafu Israeli na Ujerumani, mwisho akafika Lausanne katika nchi ya Uswisi. Hapo, mwaka 2005, alianzisha kazi iliyoitwa Blue Brain kwa msaada wa kompyuta kubwa ya kampuni ya IBM. Njia yake ilikuwa hii. Walichukua kipande chembamba cha ubongo wa panya, wakagusa seli mojamoja kwa mirija ya kioo iliyo membamba kuliko unywele, wakapima jinsi kila seli inavyopokea umeme na kuutoa. Wakaandika umbo la seli na tabia yake kwa hesabu. Kisha wakaiambia mashini: tengeneza seli nyingine nyingi za namna hii, uziweke pamoja, uziunganishe kadiri ya kanuni tulizoziona, tuone zitafanya nini. Ni kama mtu aliyewajua watu mia wa mji wa Lubumbashi, wauzaji, walimu, wachimbaji, naye kwa kuwajua hao ataka kuandika maisha ya mji mzima: nani atasalimiana na nani, nani atagombana na nani, na siku ya soko itakuwaje. Yawezekana apate kitu cha kweli. Lakini mji una mengi ambayo watu mia hawana.

Na ubongo ni mji wa namna gani? Bibi Suzana Herculano-Houzel wa Brazili na wenzake walihesabu seli zake kwa ufundi unaochekesha kidogo: waliyeyusha ubongo ukawa kama mchuzi, wakaukoroga ukawa sawa pande zote, wakahesabu viini vya seli katika matone machache. Mwaka 2009 walitangaza hesabu yao: seli za neva zapata bilioni 86. Na kila moja hupashana habari na nyingine kwa maelfu. Sasa tumtazame mnyoo mdogo wa udongoni aliye na seli za neva 302 tu. Viungo vyote vya seli zake vilichorwa na wataalamu wa Cambridge, kazi iliyotangazwa mwaka 1986. Mpaka leo, ramani hiyo ikiwa mikononi, hakuna aliyeweza kueleza maisha yote ya mnyoo huyo kwa kompyuta. Mwenye kujua habari ya mnyoo angalisita kuahidi habari ya mtu.

Markram hakusita. Mwezi wa Januari 2013 Umoja wa Ulaya ulichagua kazi yake kubwa, iliyoitwa Human Brain Project, iwe mojawapo ya kazi mbili za heshima, ikitazamiwa kupata euro bilioni moja kwa miaka kumi. Vyuo na maabara zaidi ya 80 viliingia. Miezi michache baadaye Rais Obama wa Marekani alitangaza kazi nyingine ya ubongo kwa upande wake, na Wajapani wakafuata mwaka 2014. Ulimwengu mzima uligeukia kichwa cha mtu.

Hapo sinema inapata nguvu. Hutton anarudi kwa Markram mwaka kwa mwaka, na kila arudipo mwisho wa kazi umesogea mbele. Mtazamaji anauona uso wa mtu mwenye akili nyingi na maneno matamu, mtu asiyeonekana kuwa mwongo hata kidogo. Hutton hamdhihaki. Anamwacha aseme, anatuacha tusikie, na polepole twaona imani ya mtengenezaji wa sinema mwenyewe ikipungua. Sura hizo ni nzuri kuliko zote. Picha za rangi zinazotoka katika mashini, seli zinazong'aa kama umeme wa masika juu ya ziwa, mwanzoni zatufurahisha. Baadaye, bila kuambiwa neno, twaanza kuuliza: uzuri huu umetufundisha nini? Mpiga kamera asiyetaka kutusukuma anastahili sifa.

Mwaka 2014 ugomvi ulitokea hadharani. Wakubwa wa kazi ile walikuwa wameondoa katikati ya mpango sehemu iliyochunguza akili yenyewe, yaani jinsi mtu anavyokumbuka, anavyosema, anavyoamua. Mwezi wa Julai wataalamu zaidi ya 150 walitia sahihi barua kwa Umoja wa Ulaya, na baadaye wakafika mamia. Walisema kwamba mpango ni mwembamba mno, na uongozi haufai, na feza ya watu wote haipaswi kufuata shauri la wachache, wakatishia kutoshiriki. Mpatanishi aliwekwa, Bwana Wolfgang Marquardt wa Jülich katika Ujerumani. Hati yake ya mwaka 2015 ilikubali mengi ya yale waliyoyanung'unikia wale wa barua. Halmashauri ya watu watatu iliyoongoza, Markram mmoja wao, ikavunjwa.

Mwezi wa Oktoba mwaka huohuo Markram na wenzake 81 walitoa kazi yao katika gazeti la wataalamu: kipande cha ubongo wa panya ndani ya kompyuta, seli 31,000, na viungo vya kupashana habari vipatavyo milioni 37. Kipande hicho ni kama punje ya mchanga mnene. Haikuwa kazi ya mchezo, na wengine waliopinga mpango walikubali kwamba ni ufundi mkubwa. Lakini fanya hesabu: ubongo wa mtu una seli mara milioni mbili na nusu na zaidi ya hizo. Mwaka 2019 ulifika. Sanamu ya nuru haikwenda kuzungumza na mtu.

Sasa shauri letu na sinema. Hutton alimfuata mtu mmoja, basi habari yote imekuwa habari ya mtu mmoja: ahadi yake, kiburi chake, kuanguka kwake. Twafahamu kwa nini. Kamera hupenda uso, na uso mmoja ni rahisi kuliko nyuso mia tano. Lakini mtazamaji asiyejua mengine ataondoka akidhani kwamba nchi nyingi zikikusanya feza na wataalamu na mashini zao pamoja, matunda ni ugomvi tu, na ya kuwa heri kila mtu alime shamba lake. Hiyo si kweli, na mambo yenyewe yanaipinga. Barua ya mwaka 2014, je, haikuwa kazi ya ushirika? Watu wa nchi nyingi, wengine wakijua kwamba feza yao wenyewe yaweza kupotea kwa sahihi ile, walisema pamoja neno lililohitaji kusemwa. Wala kazi haikufa baada ya mwaka 2015. Iliendelea mpaka mwezi wa Septemba 2023. Mwaka 2016 Bibi Katrin Amunts wa Jülich aliwekwa kuongoza upande wa uchunguzi. Feza yote iliyotumika ilipata euro milioni 607, na katika hizo milioni 406 zilitoka kwa Umoja wa Ulaya. Iliyobaki ilitolewa na washiriki wenyewe. Bilioni iliyosifiwa mwanzoni haikufika. Na katika miaka hiyo ya pili, bila kelele, ndipo yalipofanyika mambo ambayo sisi tungependa kuyaona katika sinema.

Tueleze moja tu kwa urefu, maana twalipenda. Kabla kazi ile ya Ulaya haijaanza, Bibi Amunts na wenzake wa Jülich na Düsseldorf walikuwa wameungana na kundi la Bwana Alan Evans wa Montréal katika Kanada. Walikuwa na ubongo wa mwanamke aliyekufa akiwa na miaka 65. Waliuweka katika nta, wakaukata kwa kisu cha mashini kuwa vipande 7,404, kila kimoja unene wake sehemu ya 50 ya milimeta. Kila kipande kilitandazwa juu ya kioo, kikatiwa rangi ili seli zionekane, kikapigwa picha. Yeyote aliyewahi kutandaza karatasi nyembamba yenye maji ajua kinachotokea: inakunjamana, inapasuka, pembe moja inajikunja. Ndivyo ilivyokuwa na vipande vile. Basi picha zikapelekwa Kanada, na kompyuta za huko zikafanya kazi ya fundi wa nguo: kunyosha kunjo, kushona palipopasuka, kuweka kila kipande sawasawa juu ya mwenzake, mpaka ubongo mzima ukasimama tena, safari hii ndani ya mashini. Mwezi wa Juni 2013 wakautangaza kwa jina la BigBrain, wakaufungua kwa wataalamu wa nchi zote.

Angalia tofauti. Huyu naye ana ubongo ndani ya kompyuta, lakini hasemi kwamba utafikiri. Asema tu: hivi ndivyo ulivyo, njoni mtazame, na mkiona kosa mtuambie. Kabla ya hapo waganga wengi walitumia bado ramani ya Korbinian Brodmann, Mjerumani, ya mwaka 1909, yenye sehemu zilizotiwa namba. Ilikuwa kazi nzuri ajabu kwa wakati wake. Lakini vichwa vya watu havifanani, na ramani ya ubongo mmoja haimwambii mganga mpaka ulipo katika ubongo wa pili. Mwaka 2020 kundi la Jülich lilitoa ramani iliyotungwa kwa kupima mabongo 23, nayo haisemi «mpaka ni hapa». Yasema «kwa watu wengi mpaka ni hapa, kwa wengine umesogea kidogo». Ramani inayokiri mashaka yake! Twadhani Bwana Hutton angeweza kukaa mbele yake nusu saa nzima.

Jambo la pili tulieleze kwa ufupi zaidi. Kushirikiana habari za ubongo kwataka kwanza kukubaliana juu ya majina. Maabara moja huandika tarehe mwanzoni, nyingine mwishoni. Moja humwita mgonjwa kwa namba, nyingine kwa herufi. Kitu kilekile kina majina matano. Wasomaji wetu wakumbuke mnara wa Babeli: matofali yalikuwepo, lami ilikuwepo, kilichopotea ni lugha. Ndiyo sababu mwaka 2005 nchi kadhaa zilianzisha ofisi ya pamoja, INCF, yenye makao Stockholm, kazi yake kupatanisha desturi za maabara, na mwaka 2016 ikatokea kanuni iitwayo BIDS ya kupanga na kuandika majina ya picha za ubongo. Nani atatengeneza sinema juu ya kanuni ya kuandika majina? Hakuna. Lakini pasipo kanuni hiyo, picha zilizopigwa Montréal hazisomeki Marseille.

Tena kuna neno la haki. Picha ya kichwa iliyopigwa kwa mashini ya sumaku haichukui ubongo tu; yachukua pua, midomo, mashavu. Mwenye ufundi aweza kuutoa uso wa mgonjwa katika picha hiyo akamtambua. Basi kabla ya kuituma nchi nyingine sharti uso ufutwe, na sheria za nchi juu ya mambo hayo hazipatani. Mwaka 2022 wataalamu wa nchi nyingi waliandika pamoja juu ya taabu hiyo, wa kwanza katika orodha yao akiwa Damian Eke, mwana wa Nigeria aliyefanya kazi katika mpango uleule wa Ulaya. Twataja jina lake kwa makusudi. Mabongo 23 ya ramani ile yalitoka kwa watu waliotoa miili yao huko Ujerumani. Twawashukuru watu hao. Lakini ramani ikiitwa ya ubongo wa «mtu», nasi tulio watu wa bara hili twauliza kwa adabu kama tumo ndani yake. Hatulaumu kundi la Jülich, maana mtu huanza na alicho nacho nyumbani. Ila wanaokubaliana leo juu ya sheria za kushirikiana watakuwa wameamua pia nani atakaa mezani, na kama mgeni ataitwa kula au kuosha sahani.

Tufike kwenye furaha isiyofaa tuliyoitaja. Kuna Wakristu, tena wema, watakaosikia habari ya Markram na kupiga makofi. Watasema: mnaona? Walitaka kutengeneza mtu bila Mungu, wameshindwa. Basi roho ipo. Ndugu zetu, tusiseme hivyo. Kazi ile ilikwama kwa sababu seli ni nyingi na maarifa ni machache na uongozi ulikuwa mbaya. Haikukwama kwa sababu iligonga roho njiani. Yule anayeweka imani yake katika mahali wataalamu wasipofika ataihamisha kila mwaka, kama mtu aliyejenga kibanda chake penye maji yanayopanda. Mwezi wa Oktoba 2024 wataalamu walioongozwa kutoka Princeton walitoa ramani nzima ya ubongo wa inzi mdogo wa matunda: seli 139,255, na viungo vipatavyo milioni 50. Picha zilipigwa na kundi jingine lililozitoa bure mwaka 2018. Kompyuta zikafuata nyuzi. Na watu wa maabara nyingi, pamoja na watu wa kawaida waliojitolea nyumbani kwao, wakasahihisha makosa ya mashini kwa kazi ambayo mtu mmoja angeifanya miaka 33. Kama tungalikuwa tumeificha roho katika seli ya 139,256, tungalikuwa mashakani sasa! Kanisa halikufundisha hivyo kamwe. Lilifundisha kwamba roho si kipande kimojawapo cha mwili, bali ni uhai wa mwili mzima, na mtu ni mmoja.

Wala Kanisa halikuwaogopa wachunguzi wa ubongo. Mwaka 1964, wakati Mtaguso wa Vatikano ulipokuwa bado ukikaa, Chuo cha Kipapa cha Sayansi kiliwaita mabingwa wa ubongo kwa juma zima la masomo juu ya ubongo na kujitambua kwa mtu, na John Eccles, aliyepata tuzo la Nobel mwaka uliotangulia, ndiye aliyeyakusanya maneno yao kuwa kitabu. Tena tunaye mtu wetu wa zamani zaidi, ambaye twashangaa kwamba wasomaji wachache wamjua: Niels Steensen, aitwaye Steno, Mdenmarki. Mwaka 1665, akiwa kijana mwenye miaka 27, bado Mlutheri, alisema mbele ya wenye elimu mjini Paris juu ya ubongo, na neno lake la kwanza lilikuwa kukiri kwamba hajui kitu juu yake. Wakati ule wafuasi wa Descartes walieleza ubongo kwa wepesi sana, jinsi roho inavyokaa katika kijitezi kimoja na kukitikisa huku na huku ili kuuongoza mwili. Steno alikuwa amepasua mabongo mengi kwa mkono wake. Alionyesha kwamba kijitezi kile kimeshikwa pande zote, hakiwezi kutikisika jinsi walivyosema. Aliwakemea wanaochora ubongo kabla ya kuutazama. Miaka miwili baadaye akaingia Kanisa Katoliki, mwaka 1675 akawa padri, mwaka 1677 askofu. Akafa maskini mwaka 1686, na Papa Yohane Paulo II akamtangaza Mwenye Heri mwaka 1988. Kitabu chake juu ya ubongo ni kidogo, tena karne tatu na nusu zimepita. Lakini twadhani kama Steno angaliketi Oxford mwaka 2009, angaliinua mkono kuuliza swali.

Na kama angefika leo Marseille, angeuliza maswali ya namna nyingine. Huko Bwana Viktor Jirsa na wenzake, kwa vyombo vilivyotengenezwa katika mpango wa Ulaya, huchukua picha za kichwa cha mgonjwa wa kifafa ambaye dawa hazimsaidii, hutengeneza katika kompyuta mfano wa ubongo wake yeye, si wa mtu mwingine, na kutafuta ndani ya mfano huo mahali degedege linapoanzia, ili mganga wa kupasua ajue pa kukata na pa kuacha. Jambo hilo limejaribiwa katika hospitali nyingi za Ufaransa kwa mpango wa kuwapima wagonjwa 356. Kifafa twakijua. Twawajua watoto wanaokula peke yao kwa sahani yao, kwa kuwa watu wanaogopa mate yao, na wasichana wenye makovu ya moto kwa kuangukia mafiga. Tuseme wazi vilevile kwamba mashini ya Marseille haitawafikia kesho. Katika vijiji vya Ituri na Uele, ambako kifafa kimefuatana na upofu wa mtoni, kinachohitajika kwanza ni vidonge vya kila siku visivyokosekana na dawa ya kuwaua wadudu wanaoletwa na usubi. Yule anayewaahidi wazazi wa huko kompyuta kabla ya vidonge atakuwa ameanza ahadi nyingine ya miaka kumi.

Kazi ya Blue Brain yenyewe ilifungwa mwisho wa mwaka 2024. Mwaka uliofuata Markram na wenzake walianzisha chama kipya ambacho kimewafungulia wengine mifano na programu walizozitengeneza kwa miaka karibu ishirini, na hilo ni tendo jema tunalolisifu bila masharti. Sinema, iliyokwisha mapema, haikuweza kulionyesha. Ramani za Jülich nazo zimewekwa katika nyumba ya pamoja iitwayo EBRAINS, ambamo hata mwanafunzi wa Kisangani au Bukavu, akipata intaneti ya kutosha, aweza kuingia na kutazama.

Bwana Hutton bado ni kijana, na uvumilivu wake tumeuona. Kama atatengeneza sinema ya pili, twamwomba aende Jülich akae karibu na wanaotandaza vipande juu ya kioo. Aonyeshe mkono unaoshika brashi, kipande kinachokaribia kupasuka, na namba iliyoandikwa pembeni: 3,112, 3,113, 3,114. Aonyeshe picha ikiondoka kwenda Montréal na kurudi imenyoshwa. Atuambie kidogo, kadiri inavyoruhusiwa, habari ya yule mwanamke mwenye miaka 65, ambaye hatujui jina lake, aliyeutoa mwili wake ili wengine wautazame.